Mkanda wa Injini Unapolia

Mbaha ni kata mojawapo ya Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Wakazi wa mwambao huu huvua dagaa na samaki wengine, nao hulima muhogo. Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, lakini mji wa Mbinga, ulioko milimani, uko zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo lori linalochukua dagaa kutoka ziwani kwenda Mbinga hupanda mlima mrefu.

Fikiri kwamba umesimama kando ya barabara ya Mbaha asubuhi. Dereva anawasha injini ya lori lake, na mara unasikia mlio mkali: kwiii! Baada ya dakika chache mlio unanyamaza. Je, mlio huo unatoka wapi? Je, dereva aondoke, au amwite fundi kwanza?

Kazi ya mkanda

Mbele ya injini kuna magurudumu madogo yenye mfereji. Magurudumu hayo huitwa puli. Puli moja imefungwa kwenye mhimili mkuu wa injini. Injini inapofanya kazi, puli hiyo huzunguka, na mkanda wa mpira huzizungusha puli nyingine. Mafundi huuita mkanda huo fenibelti.

Katika malori mengi mkanda huzungusha vyombo vitatu. Cha kwanza ni feni, ambayo huvuta hewa ipite katika rejeta. Cha pili ni pampu ya maji, ambayo huyasukuma maji yazunguke katika injini na kuipoza. Cha tatu ni alternata, ambayo hutoa umeme wa taa na wa kujaza betri.

Mkanda haukufungwa kwenye puli kwa msumari wala kwa gundi. Unaishika puli kwa msuguano tu. Mkanda wenye umbo la V hushika kwa mbavu zake mbili, wala si kwa tumbo lake. Ukilika sana, huzama mpaka chini ya mfereji na kuanza kuteleza. Ndiyo maana fundi akiona chini ya mfereji kunang'aa, hujua kuwa mkanda umekwisha.

Kwa nini mkanda hulia?

Lowesha kidole chako, kisha ukisugue juu ya kioo safi. Utasikia mlio. Kidole hunata, huteleza, hunata tena, na huteleza tena, mara nyingi sana kwa muda mfupi. Kunata na kuteleza huko hufanya mtetemo, na mtetemo ndio chanzo cha sauti. Mkanda unaoteleza juu ya puli hulia kwa njia hiyo hiyo.

Mara nyingi mlio husikika injini inapowashwa. Wakati huo betri imetoa umeme mwingi, na alternata hufanya kazi kubwa ya kuijaza. Alternata huwa nzito kuzungushwa, na mkanda dhaifu hushindwa kuizungusha bila kuteleza. Betri ikipata umeme wa kutosha, mzigo hupungua na mlio hunyamaza. Lakini mkanda haujapona.

Jaribio

Vifaa: ubao, misumari miwili, vigurudumu viwili vya uzi vilivyokwisha, na kipande cha mpira kilichokatwa kama pete kutoka katika tyubu ya baiskeli.

1. Pigilia misumari ubaoni na uvishe vigurudumu. Vizungushie mpira, nao uwe umevutika kidogo.
2. Zungusha kigurudumu cha kwanza. Utaona kuwa cha pili nacho huzunguka.
3. Kibane cha pili kwa kidole polepole huku ukizungusha cha kwanza. Mpira utaanza kuteleza.
4. Sogeza msumari mmoja mbali kidogo ili mpira ukaze. Rudia. Sasa itakubidi ubane kwa nguvu zaidi kabla mpira haujateleza.
5. Paka mpira mafuta kidogo. Angalia unavyoteleza kwa urahisi.

Kutafuta chanzo

Fundi mwangalifu hafungui kitu kabla hajajua ugonjwa. Kwanza huzima injini na kutoa ufunguo. Kisha huukagua mkanda. Je, una nyufa? Je, mbavu zake zimekuwa ngumu na kung'aa kama kioo? Je, umelowa mafuta?

Baadaye huubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Kwa mikanda mingi ya V, sentimita 1 au 1 na nusu inatosha. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Ukizama zaidi, umelegea.

Huchungulia pia kama puli zimekaa katika mstari mmoja. Mwisho, huuvua mkanda na kuzungusha kila puli kwa mkono. Ikiwa moja inakwama au inakwaruza, beringi yake imeharibika.

Kutengeneza

Mkanda mzima uliolegea hukazwa. Fundi hulegeza bolti za alternata, huivuta alternata nje mpaka mkanda ukaze, kisha hukaza bolti. Asiukaze kupita kiasi, kwa sababu atazichosha beringi. Mkanda wenye nyufa, uliolika au ulionywa mafuta hubadilishwa, na mahali mafuta yanapovuja huzibwa kwanza. Mkanda mpya hutanuka kidogo. Kwa hiyo hupimwa tena baada ya siku chache.

Katika magari mengi ya siku hizi mkanda ni mpana wenye mifereji midogo, na chombo chenye springi huukaza. Huko fundi hukikagua chombo hicho pia.

Watu wengine hupaka mkanda sabuni au grisi ili usilie. Hilo ni kosa. Mlio hunyamaza, lakini mkanda huteleza zaidi.

Tahadhari: Usipeleke mkono, nguo wala kamba karibu na mkanda au feni wakati injini inafanya kazi. Mkanda unaweza kukata kidole mara moja. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto, kwa maana maji yake huruka na kuunguza.

Sasa unaweza kumjibu dereva wetu. Ikiwa mkanda ulilowa umande tu, mlio hautarudi ukikauka. Lakini ukilia kila asubuhi, amwite fundi kabla ya kuondoka. Mkanda ukikatika mlimani, pampu ya maji husimama, injini huchemka, na dagaa huozea njiani. Na ikiwa gari hilo limembeba mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Liuli, kuchelewa kwake ni hatari zaidi. Mlio ule ni onyo. Msikilizaji mwema hulitii mapema.

Maswali

1. Mkanda huishika puli kwa nguvu gani?
2. Kwa nini mlio hunyamaza baada ya dakika chache, ingawa mkanda ni mbovu?
3. Taja hasara mbili za mkanda uliokazwa kupita kiasi au uliolegea.
4. Itazame mashine ya kusaga nafaka kijijini kwenu ukiwa mbali nayo. Mkanda wake unazungusha nini?