Mapatano ya Ujira Hutangulia Kazi

Wilaya ya Chato, katika Mkoa wa Geita, ina ziwa upande mmoja na nchi ya dhahabu upande wa pili. Kwa hiyo kijana aliyemaliza masomo yake huweza kuitwa na waajiri wawili kwa pamoja: mmoja wa Chato kwenyewe, na mwingine wa kampuni zinazouhudumia mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Nyumbani huulizwa swali moja tu: "Ni nani alipaye zaidi?" Sisi twaona swali hilo halitoshi.

Tuseme kazi ya Chato ni ya shilingi 400,000 kwa mwezi, na ya Geita ni ya 550,000. Mfanyakazi aweza kukatwa hadi asilimia 10 kwa ajili ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Akikatwa hizo, hubaki 360,000 huku na 495,000 kule, kabla ya kodi ya Serikali. Wa Chato hulala kwao, na akitoa 60,000 za matumizi ya nyumba, amebakiwa na 300,000. Wa Geita hupanga chumba kwa 70,000, hula kwa 150,000, na nauli ya kuwazuru wazazi ni 25,000. Amebakiwa na 250,000. Basi mshahara ulioonekana mkubwa umekuwa mdogo. Lakini lau mwajiri wa Geita atatoa chumba na chakula, kijana hubakiwa na 470,000. Hapo ndipo penye mazungumzo, kwani mwajiri asiyeweza kuongeza fedha huenda akaweza kutoa malazi.

Jambo la pili ni kuuliza mshahara wa msingi ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na hesabu hiyo hufuata mshahara wa msingi. Kwa hiyo mishahara miwili iliyo sawa kwa jumla yaweza kutofautiana sana mwisho wa mwezi.

Jambo la tatu ni maandishi. Sheria hiyo yamtaka mwajiri aandike kazi yenyewe, mahali pake, saa zake, ujira, na jinsi ujira unavyohesabiwa. Haja hiyo huonekana khasa katika machimbo madogo, ambako wengi hulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, baada ya mwenye leseni na mwenye duara kuchukua mafungu yao. Je, gharama ya karasha hutolewa kabla ya mgao au baada yake? Lisiposemwa mapema, neno hilo moja hutosha kuwagombanisha ndugu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wazee waonao kwamba kijana anayeuliza mshahara ana tamaa. Na wakumbuke habari ya Nabii Musa, amani iwe juu yake, katika Sura ya Al-Qasas. Alikuwa mgeni na mkimbizi, hana nyumba wala mali; hata hivyo mzee wa Madyan alimtajia muda waziwazi, miaka minane, na kwamba kutimiza kumi kungekuwa hiari yake. Musa naye aliyathibitisha masharti kabla ya kushika kazi, tena akamfanya Mwenyezi Mungu shahidi. Ikiwa Mtume wa Mungu katika dhiki yake hakuanza kazi bila mapatano, kijana wetu ataona haya ya nini?

Basi enyi wazazi, kijana atakapoleta habari ya kazi mbili, msimharakishe. Ketini naye, mpeni kalamu na karatasi, mpige hesabu pamoja. Naye aulize kwa adabu, aandikiwe, kisha atimize alichoahidi kwa nguvu na uaminifu. Kwani mapatano humfunga mwajiri, na mwajiriwa pia.