Kukanyaga Mafuta: Lugha ya Madereva na Matumizi ya Petroli katika Gari Kuukuu

Ni jambo lisilopingika kwamba bei ya petroli imekuwa miongoni mwa mada zinazotawala mazungumzo ya Wakenya. Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli hutangaza bei za juu kabisa zitakazotozwa katika mwezi unaofuata, na mnamo Septemba 2023 lita moja ya petroli ya super ilipita shilingi 200 jijini Nairobi kwa mara ya kwanza. Matangazo ya namna hiyo yanapotolewa, mwenye gari kuukuu hulalamika kwa maneno yale yale: "Gari hili linakula mafuta." Kauli hii ni fupi na inaeleweka na kila mtu. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hana budi kuuliza ni nani mtenda katika sentensi hiyo. Ni gari. Dereva ametoweka, na fundi naye hayumo. Makala haya yanadhamiria kuzichunguza kauli tatu za madereva, yaani gari kula mafuta, dereva kukanyaga mafuta na kuweka gari fri, kwa nia ya kueleza petroli hupotelea wapi hasa katika gari dogo lililozeeka.

Mfano utakaotumiwa ni Toyota Corolla aina ya 110, iliyouzwa nchini Japani kati ya mwaka 1995 na 2000. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, magari haya yalifika kwa wingi katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Yaliyosalia barabarani yana umri unaozidi miaka 20, na mengi yameshapitia mikono ya wenyewe wanne au watano.

Kabla ya kulihukumu gari, sharti lipimwe. Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo chochote. Tangi hujazwa pomoni, namba ya kilomita ikaandikwa, gari likaendeshwa kwa siku kadhaa kama kawaida, kisha tangi likajazwa tena katika kituo kile kile. Ikiwa gari limekwenda kilomita 342 na tangi limepokea lita 28.5, basi linakwenda kilomita 12 kwa lita moja. Kununua petroli ya shilingi mia tano leo na ya elfu moja kesho, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, hakuwezi kumwonyesha mtu lolote, kwa maana mshale wa tangi si mizani. Umuhimu wa hesabu hii unajitokeza pale fedha zinapoingia. Anayesafiri kilomita 1,200 kwa mwezi kwa gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita hutumia lita 133 na ushei. Linapokwenda kilomita 12 hutumia lita 100. Lita ikiwa shilingi 180, tofauti ni kama shilingi 6,000 kila mwezi. Kwa mwalimu au mwanafunzi wa uzamili, hicho si kiasi cha kupuuzwa.

Kitenzi "kula" kina matumizi mapana katika Kiswahili: watu hula kiapo, hula hongo, na shughuli hula muda. Katika gari kuukuu, ulaji huo una mahali pake, na mara nyingi si pale mwenye gari anapopashuku. Wengi hukimbilia kubadilisha kichungi cha hewa. Kichungi kilichoziba kilikuwa balaa katika magari ya kabureta, kwa sababu hewa ilipopungua petroli haikupungua kwa uwiano ule ule. Katika gari lenye vinyunyizi vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta, kama hilo la 110, kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Kichungi kichafu basi hulipunguzia gari nguvu ya kuongeza mwendo, lakini hakibadilishi sana idadi ya kilomita kwa lita. Kibadilishwe, naam, ila asitarajiwe muujiza.

Mlaji mkubwa hukaa kwenye bomba la moshi. Hapo pana kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita "sensa", neno ambalo kwa wengine ni kuhesabu watu. Jina hilo si baya, kwani kifaa hicho nacho huhesabu: hupima oksijeni iliyosalia katika moshi na kuijulisha kompyuta kama mchanganyiko una petroli nyingi au kidogo. Uzani unaotafutwa ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kihisi kikifa, kompyuta hukosa mjumbe, na kwa tahadhari huweza kumwaga petroli kupita kiasi ili injini isiungue. Taasisi za serikali ya Marekani zinazoshughulikia matumizi ya mafuta zimekadiria kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama ya kihisi hiki kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40. Ifahamike pia kwamba petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliiacha ifikapo mwanzoni mwa mwaka 2006, ni sumu kwa vihisi vya aina hii. Magari yaliyoingia kabla ya hapo yalinyweshwa sumu hiyo tangu siku za kwanza. Dalili ziko wazi: masizi meusi mdomoni mwa bomba, harufu ya petroli nyuma ya gari, na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Taa hiyo isipowaka hata kidogo ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwashwa, yamkini kuna mtu aliyeinyamazisha kabla ya kuliuza gari.

Yupo mlaji mwingine, na huyu ametengenezwa na mafundi wenyewe. Katika gereji nyingi za jua kali, gari likichemsha maji, jambo la kwanza kufanywa ni kung'oa thamostati na kuitupa. Sababu inayotolewa ni kwamba nchi zetu zina joto, na kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Hoja hii ina mvuto wa kizalendo lakini haina ukweli. Thamostati huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto linalofaa, takribani nyuzi 82 za selsiasi, joto ambalo halifikiwi na hewa ya Mombasa wala ya Lodwar. Ikiondolewa, injini hubaki vuguvugu, hasa katika asubuhi za Limuru au Eldoret. Kompyuta nayo, ikiona maji hayajapata moto, hudhani kwamba gari limewashwa sasa hivi na huendelea kuongeza petroli kama ifanyavyo kila asubuhi. Mwenye gari hufurahi kwamba halichemki tena, na asijue kwamba analipia furaha hiyo kila anapopita kituoni. Kuchemka kuna visababishi vyake, kama vile rejeta iliyoziba, feni mbovu au maji yanayovuja, na visababishi hivyo ndivyo vinavyostahili kutibiwa. Thamostati yenyewe ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu.

Mengine yanaweza kutajwa kwa ufupi. Upepo wa tairi ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, tairi zikiwa baridi. Gurudumu moja moja liinuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono. Lisipozunguka kwa wepesi, breki imeshika. Plagi zilizokwisha zibadilishwe. Ama kuhusu vidonge vya kutia tangini na sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, Shirika la Kuhifadhi Mazingira la Marekani limechunguza vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100 na halijapata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Wachuuzi wake hawakosi ufasaha.

Kauli ya pili inamrejesha mtenda wa kweli mahali pake. Dereva anayetaka kwenda kasi huambiwa "kanyaga mafuta", na hapa lugha ya mitaani inasema zaidi ya inavyojua. Kwa hakika kanyagio halifungui petroli. Hufungua kilango cha hewa. Kompyuta huipima hewa iliyoingia, kisha ikatoa petroli ya kulingana nayo. Lakini matokeo ni yale yale: mguu ndio unaoagiza.

Tazama mwendo wa gari katika barabara yenye matuta. Dereva hulivuka tuta, hukanyaga kwa nguvu hadi kilomita 60 kwa saa, kisha baada ya mita mia mbili hufunga breki kwa ajili ya tuta lingine. Nishati yote iliyonunuliwa ili kulifikisha gari kwenye kasi hiyo hugeuzwa kuwa joto katika breki na kupotelea hewani. Tena nishati hiyo haiongezeki sawa na kasi: kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Dereva aliyeishia kilomita 40 kati ya matuta hayo angechelewa kwa sekunde chache tu, na angetupa chini ya nusu ya kile alichotupa mwenzake. Katika barabara kuu, adui ni hewa. Ukinzani wake huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa ukinzani hukaribia kuwa maradufu. Na katika msongamano, injini ya ukubwa huu ikinguruma gari likiwa limesimama hutumia kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa bila ya kusonga hatua moja. Kuizima inapodhihirika kwamba foleni haitasonga kwa dakika kadhaa ni busara.

Kauli ya tatu ndiyo yenye hatari. Kuweka gari "fri" ni kulitoa kwenye gia na kuliacha literemke kwa uzito wake. Neno hilo la mkopo lina maana mbili katika Kiingereza, huru na bure, na inaelekea madereva wetu wameipenda ile ya pili. Imani hii haikuzuka bila msingi. Katika gari la kabureta, injini inayozungushwa na magurudumu mteremkoni huendelea kuvuta petroli, na kuitenganisha na magurudumu kulipunguza uvutaji huo. Wazee waliojifunza udereva enzi hizo waliwarithisha vijana desturi hiyo, na desturi ikabaki baada ya kabureta kuondoka.

Katika gari la vinyunyizi mambo yamegeuka. Dereva akiinua mguu gari likiwa ndani ya gia na injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha, kompyuta hutambua kwamba hakuna kinachoagizwa na hufunga vinyunyizi kabisa. Petroli haitumiki hata tone, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka fri, uhusiano huo hukatika. Injini ingezima, na ili isizime kompyuta hulazimika kuilisha petroli ya kungurumia. Ni kweli kwamba kwenye mteremko mdogo gari lililo fri hufika mbali zaidi kwa sababu injini hailizuii. Lakini kwenye mteremko mkali, kama ule wa kushukia Mai Mahiu, ambako dereva atahitaji breki kwa vyovyote, aliye fri hutumia petroli zaidi ya aliye kwenye gia ya tatu, na juu ya hayo huzibebesha breki peke yake uzito wote wa gari. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Anayethubutu kuizima injini kabisa hupoteza pia msaada wa breki baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito.

Sehemu ya Salgaa, katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, ilipata sifa yake mbaya kwa kiasi fulani kutokana na desturi hii. Madereva wa malori walilaumiwa mara kwa mara kwa kuteremka fri ili kuokoa dizeli. Pampu ya dizeli nayo hukata mafuta lori linapoteremka ndani ya gia huku mguu umeinuliwa. Waliolipa kwa maisha yao walikuwa wakiokoa kitu ambacho mashine ilikuwa tayari kuwapa bila malipo. Tafsiri ya "gia huru" ni sahihi kisarufi, ingawa inabeba ahadi ile ile ya "fri". Pengine "gia tupu" ingelifaa zaidi katika vitabu vya udereva.