WATEMBEZI WA SHEFFIELD, NA NJIA ILIYOTIWA KUFULI



Katika toleo hili tumeonelea tuache kidogo habari za mishahara na za makubaliano ya pamoja, tuzungumze juu ya miguu. Msicheke. Mchuma chai anatembea kutwa nzima na kikapu mgongoni, na mwenzake wa kiwandani anasimama zamu nzima mbele ya mashine. Jioni wote wawili husema miguu imekwisha. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba wako wafanyakazi ambao siku yao moja ya mapumziko waliitumia kupanda milima kwa kilomita 32, atauliza kama walirogwa. Huku kwetu mtu akionekana njiani Jumapili bila mzigo, bila jembe na bila kikapu, huulizwa nani amefiwa.

Lakini wafanyakazi hao walikuwako, na habari yao inatuhusu kuliko inavyoonekana mwanzoni.

Sheffield ni mji wa Uingereza wa kufua chuma cha pua. Wengi wetu tumeliona jina hilo limepigwa chapa kwenye kisu cha mezani au kijiko bila kujua ni mji. Mwaka 1900 ulikuwa mji wa moshi, tanuru na makelele ya nyundo. Kazi ilikwenda mpaka Jumamosi mchana, kwa hiyo siku nzima ya mfanyakazi ilikuwa moja tu, Jumapili. Katika mji huo alikuwako kijana fundi mitambo, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, aitwaye G.H.B. Ward, aliyezaliwa mwaka 1876. Ward alitia tangazo katika gazeti la wasoshalisti lililoitwa Clarion, akialika mtu yeyote anayetaka kutembea milimani.

Jumapili ya kwanza ya Septemba 1900 walitokea watu 14, wanawake wakiwamo. Tunalitaja hilo la wanawake kwa sababu tunayajua matawi mengi ambayo mpaka leo mwanamke huitwa siku ya kupika tu. Walipanda treni kutoka mjini, wakateremka bondeni Edale, wakauzunguka mlima uitwao Kinder Scout. Reli ile ilikuwa imefunguliwa mwaka 1894, na bila reli hiyo wasingefika na kurudi kwa siku moja. Kinder si mlima mrefu, una mita 636 tu. Wenzetu wanaoishi chini ya Ruwenzori watauita kichuguu. Lakini juu yake ni nyika pana, upepo mkali na tope jeusi linalomeza mguu hadi gotini, na ukungu ukishuka mgeni hupotea.

Kutoka safari ile ya kwanza kikazaliwa chama cha watembezi wa Clarion, ambacho kilikuwa katika vyama vya kwanza vya namna hiyo kuundwa na wafanyakazi wenyewe. Hapa makatibu wa matawi wasikilize vizuri. Ward hakuwaachia watu waje wakijisikia. Kila mwaka chama kilitoa kijitabu kidogo, cha kutosha mfuko wa shati, chenye orodha ya safari zote za mwaka: tarehe, treni ya kupanda, mahali pa kuanzia na jina la atakayeongoza. Mwanachama alijua tangu mwanzo wa mwaka Jumapili fulani wako wapi. Ndani ya kijitabu hicho Ward aliandika pia habari za kale za vijiji na vilima, maana ya majina ya mahali, na njia ipi ni ya watu wote na ipi imezibwa na nani. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka zaidi ya 50, naye hakuwa mwalimu wala mwanasheria. Njiani waliimba, na walipopumzika kiongozi alisoma kipande kutoka katika kitabu fulani, kisha wakabishana. Mtu aliyeshinda juma zima haruhusiwi kusema neno kwa sababu ya kelele za mashine alipata mahali pa kusema.

Sasa tufike penye ugomvi. Ardhi ile ya milimani zamani wanakijiji walilisha mifugo na kuchimba udongo wa mboji wa kuwashia moto. Katika karne ya 18 na ya 19 sheria za Bunge ziliwapa mabwana wenye ardhi nafasi ya kuigawana na kuizungushia mipaka. Mabwana hao waliitaka kwa ajili ya ndege. Yuko ndege wa jamii ya kwale anayeishi katika nyika zile, na kila mwaka kwa majuma machache matajiri hualikana kumpiga risasi. Kwa ajili ya majuma hayo machache mfanyakazi alikatazwa kukanyaga mwaka mzima. Waliwekwa walinzi wenye fimbo na mbwa, na vibao vya kukataza. Mwaka 1923 Ward mwenyewe aliletewa amri ya mahakama kumkataza kuingia Kinder.

Ward alikuwa mtu wa karatasi. Alifukua ramani za zamani na hati za mipaka, akawauliza wazee, ili kuonyesha kwamba njia fulani ilipitwa na watu kabla ya bwana fulani kuja na ukuta wake. Njia moja moja zilipatikana hivyo, polepole. Wengine waliona upole huo umezidi.

Tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili, vijana kama 400 hivi, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya karibu, walikusanyika katika kijiji cha Hayfield upande wa pili wa Kinder. Miaka ile kazi ilikuwa haba sana na wengi hawakuwa na ajira. Aliyewahutubia, akiwa amesimama katika machimbo ya mawe, alikuwa kijana wa miaka 20, fundi wa magari, jina lake Benny Rothman. Wakapanda wakiimba. Juu wakakutana na walinzi, fimbo zikatumika, pakawa na kusukumana, na mlinzi mmoja akaumia mguu. Vijana wakasonga mbele wakakutana na wenzao waliotoka upande wa Sheffield, wakapongezana, wakashuka. Polisi walikuwa wakiwangoja chini.

Watu sita walikamatwa. Kesi ilisikilizwa Derby mwezi wa Julai mwaka huo huo. Katika baraza la raia lililokaa kusikiliza mashtaka walikuwamo majenerali, makanali, mameja na makapteni, pamoja na mabwana wenye mashamba. Mfanyakazi hakuwamo. Vijana watano walifungwa, vifungo vya miezi miwili hadi sita, na Rothman alipewa miezi minne. Hata watu waliokuwa wamewalaumu waliona hukumu ile ni nzito mno kwa kosa la kutembea.

Viongozi wengi wa mashirikisho ya watembezi hawakuunga mkono tendo la Kinder. Walisema litawaudhi wenye ardhi na kuharibu mazungumzo ya miaka mingi. Vijana nao walisema mazungumzo hayo yamechukua miaka mingi bila kuzaa kitu. Mabishano ya namna hiyo tunayajua, tumeyasikia katika kila mkutano wa tawi unaofikiria mgomo. Maoni yetu sisi ni kwamba kila upande ulihitaji mwenzake. Bila vijana wale nchi nzima isingejua kwamba kuna mlima uliokatazwa. Na bila watu wa karatasi waliokuja na ramani zao, kelele zingekwisha kama moto wa makuti.

Matunda yalichelewa. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya mbuga za taifa na ya kuingia mashambani, na mwaka 1951 eneo lile la Peak District likawa mbuga ya kwanza ya taifa katika Uingereza. Sheria ya haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika za wazi, kwa Uingereza na Wales, ilipatikana mwaka 2000. Hesabuni wenyewe: tangu kesi ya Derby ni miaka 68. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, mtawala mmoja wa ukoo uliokuwa na ardhi pale, Duke wa Devonshire, alisimama mbele ya watembezi akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa na ukoo wake. Rothman alikuwa amefariki miezi michache kabla. Baada ya kifungo alikuwa ameendelea kufanya kazi viwandani na kuwa mtu wa chama cha wafanyakazi maisha yake yote.

Ward yeye alifariki mwaka 1957. Kabla ya hapo, mwaka 1945, watembezi wa Sheffield na wilaya zake walichanga fedha wakanunua kipande cha juu cha kilima kimoja kiitwacho Lose Hill, wakampa yeye. Naye hakukaa nacho, alikikabidhi kwa shirika linalotunza ardhi kwa faida ya umma. Mpaka leo kipande hicho kinaitwa kwa jina lake.

Mtu asidhani ni Waingereza tu. Katika Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1895 mwalimu mmoja, fundi mfua vyuma mmoja na mwanafunzi mmoja walitia tangazo kama lile katika gazeti la wafanyakazi, kikazaliwa chama cha Marafiki wa Maumbile. Hao walikwenda mbele zaidi. Walijenga nyumba za kulala milimani kwa mikono yao wenyewe, seremala akitoa useremala wake na mwashi uashi wake, ili mfanyakazi apate mahali pa kulala kwa bei anayoiweza. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulikipiga marufuku Ujerumani, na mwaka 1934 serikali ya Austria ikafanya vivyo hivyo. Chama cha kutembea tu, jamani! Lakini watawala wale walielewa kwamba wafanyakazi wakitembea pamoja hawatazungumza juu ya maua peke yake. Baada ya vita kiliundwa tena.

Basi turudi nyumbani. Katika tawi letu moja la mashamba ya chai, magharibi ya Uganda, Jumapili ya kwanza baada ya mshahara tunatembea. Siku hiyo tumeichagua kusudi, maana ndiyo siku ambayo fedha huisha katika vilabu vya pombe. Tunaondoka katika laini saa moja asubuhi, Wakiga, Wanyarwanda, Waalur na Wakongo pamoja, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Tunapanda kilima kilicho juu ya kiwanda. Huko tunachemsha chai, ile ile tunayoichuma na ambayo wengi wetu hatuimudu dukani ikiwa ya daraja la kwanza, na kuila na mihogo. Vijana wanacheza ngoma, kina mama wanasikiliza kesi za vikundi vyao vya kuweka akiba. Tukishuka tunapita kwa mwenzetu aliye mgonjwa. Mara ya kwanza tulikuwa tisa, na nyapara mmoja alitufuata kwa baiskeli kuona tunakwenda kuiba nini. Siku hizi mke wake anatembea nasi.

Katika kutembea huko ndiko tulikolipima jambo lililotusumbua siku nyingi. Iko njia inayotoka katika laini, inakata katikati ya chai, inafika kwenye shule na zahanati. Wenye shamba waliitia geti na kufuli, wakisema inapitwa na wezi wa majani na wa kuni. Malalamiko yalikuwa ya mdomo tu: “ni mbali, ni mbali.” Jumapili moja tuligawanyika makundi mawili yenye saa mkononi. Mlinzi wa siku ile, Mungu ambariki, alilifungulia kundi la kwanza, likafika zahanati kwa dakika 25. Kundi la pili lilizunguka kwa barabara ya malori, likafika kwa saa moja na dakika 20. Katika kundi la pili alikuwamo mama mwenye mimba ya miezi saba. Alikaa chini mara nne. Usiku, wakati wa uchungu, yuko nani wa kumbeba saa nzima na zaidi?

Sasa tunazo dakika zimeandikwa. Wazee watatu waliokuja shambani kabla chai ya upande ule haijapandwa wameeleza kwamba waliikuta njia tayari, maneno yao yameandikwa na dole gumba limetiwa. Mwenyekiti wa L.C. ametia mhuri. Karatasi zote zimepelekwa kwa meneja, na nakala kwa wilaya. Meneja amejibu kwamba atatupokea, watu wanne, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mama yule atakuwa mmoja wa wanne hao, kama hajajifungua. Akiwa amejifungua, atakwenda dada yake, aliyelishika kundi la pili kwa saa yake mwenyewe. Na Jumapili inayofuata Alhamisi hiyo safari iko pale pale, kuondoka saa moja kamili mbele ya bomba la maji. Kila mtu aje na kikombe chake.