Gari la kukodi likizoni: Uliza deni kabla ya funguo

Shule zimefungwa, bibi yuko Geita na baba amekodi gari Shinyanga mjini. Ukipitia Usagara, foleni ya kivuko haipo tena: tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi), lenye urefu wa kilomita tatu, unalivuka kwa dakika chache.

Je, kuna ada ya barabara? Nchini, sehemu kubwa hailipwi getini kama kwenye Daraja la Nyerere, Kigamboni. Imo ndani ya bei ya kila lita ya mafuta.

Kinachoshtua ni faini. Deni la kosa la trafiki hufuata namba ya gari. Aliyekodi jana asipolipa, utakayesimamishwa juani ni wewe, mtoto analia na maji yameisha.

Kabla ya kupokea funguo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni mtandaoni. Ukikuta deni, mwenye gari alilipe kwanza. Andikianeni pia: faini za nyuma ni zake, za safari yako ni zako. Na maji ya watoto yakae karibu nao, si kwenye buti.