Kazi za kuandika programu: usiende kwenye usaili kama nilivyoenda mimi



Leo naongelea ishu ya kuomba kazi za kutengeneza programu za kompyuta. Mimi sina digrii, nimemaliza form six tu, na nilishaitwa usaili mara moja nikaboronga vibaya sana. Nawapa nilichojifunza ili yasiwakute.

Niliombwa kufanya zoezi moja maarufu, linaitwa FizzBuzz. Hesabu kuanzia 1 mpaka 100. Namba ikigawanyika kwa 3 andika Fizz, ikigawanyika kwa 5 andika Buzz, ikigawanyika kwa zote mbili andika FizzBuzz, nyingine andika namba yenyewe. Rahisi eti? Nikaandika kodi (sio ile ya TRA jamani, hii ni maandishi ya programu) haraka haraka, nikaanza kuuliza kama namba inagawanyika kwa 3. Msaili akaniuliza, "Ikifika 15 itatoa nini?" Nikajibu fasta, "FizzBuzz." Kumbe programu yangu ikishaona 15 inagawanyika kwa 3 inaandika Fizz na kuendelea na namba nyingine! Ilitakiwa nianze kuuliza kuhusu 15, ndo nifuate 3 na 5.

Nilipofika nyumbani ndo nikaelewa. Kukosea sio kilichoniangusha sana. Kilichoniangusha ni kujibu bila kuipitia kazi yangu mstari kwa mstari. Zoezi hili sio geni, mwaka 2007 Jeff Atwood aliandika makala akishangaa waombaji wengi kushindwa vitu vya namba hii. Kwa hiyo jizoeze, tena kwa kalamu na karatasi. Karatasi haina umeme wa kukatika, na dakika za kafe haziendi bure.

Sasa tuje kwenye maandalizi.

1. CV. Ukurasa mmoja unatosha. Usijaze "najua kompyuta". Taja ulichotengeneza: nani anakitumia, kinafanya nini, umetumia lugha gani ya programu. Hata kama ni kijiprogramu cha kupiga hesabu za duka la mama, ni kazi hiyo. Na usiandike lugha usiyoijua, maana utaulizwa hiyo hiyo.

2. Kazi zako zionekane. Jifunze Git, chombo cha kutunza historia ya kodi alichoanzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Halafu fungua akaunti GitHub, weka kazi mbili tatu zilizokamilika. Kumi zilizoachwa njiani hazisaidii. Ukiwa kafe kumbuka kutoka kwenye akaunti kabla hujanyanyuka kwenye kiti, mwenzako asije akakuharibia.

3. Misingi. Wasaili wanapenda kujua kama unaona tofauti ya njia ndefu na njia fupi. Mfano, ukitafuta neno "paka" kwenye kamusi huanzi A. Unafungua katikati, unaona umepitiliza au bado, unaitupa nusu moja, unaendelea hivyo hivyo. Kwa mtindo huo, orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti unaimaliza kwa kuangalia mara 20 tu, wakati ukipitia moja moja unaweza kufika milioni nzima. Lakini angalia sharti: lazima orodha iwe imepangwa. Ukilisahau hilo ndo wanapokukamata. Masomo ya bure yapo, CS50 ya chuo cha Harvard na freeCodeCamp ni baadhi. ChatGPT nayo inaweza kukuuliza maswali ya mazoezi, ila isikuandikie kila kitu, siku ya usaili utakuwa peke yako.

4. Siku yenyewe. Ukipewa swali usikurupuke. Lirudie kwa maneno yako, uliza: namba zinaweza kuwa hasi? Orodha ikiwa tupu je? Halafu fikiri kwa sauti, msaili hawezi kukupa maksi za mawazo ambayo hajayasikia. Ukimaliza chukua mfano mmoja uupitishe kwenye kodi yako. Kama hujui, sema hujui, kisha eleza ungeanzia wapi.

5. Matapeli. Ukiambiwa utume hela kwanza ndo uitwe usaili, achana nao. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe.

Na ukikosa usife moyo. Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na watengeneza programu wengi wenye kompyuta za Mac, mwaka 2015 aliandika Twitter kwamba Google walimkataa baada ya kushindwa zoezi la ubaoni. Usaili unapima siku moja tu, haupimi kila unachokijua.

Mimi sasa hivi kila jioni nafanya zoezi moja kwenye daftari, asubuhi nalijaribu kafe. Nimeshatuma maombi mengine mawili, na safari hii nikiulizwa 15 inatoa nini, nitaipitia kwanza kabla ya kufungua mdomo.

Waliokwisha kupita huko mtuambie kwenye maoni mliulizwa nini. Na kwa ambao hamjawahi, andikeni FizzBuzz yenu hapo chini tuikague pamoja, hakuna kuchekana.

Nawasilisha.