Nusu ya mwezi, moja ya kumi ya mwanga

Tangu mwezi upatwe Jumapili usiku, Septemba 7, 2025, maswali kuhusu mwezi hayajakatika. Mengi ni ya ule wekundu, na hayo yamekwisha kujibiwa kila mahali, kwa hiyo nayaruka. Lililonikamata mimi limetoka Ilagala, kule Mto Malagarasi unakomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Msomaji anasema: wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao haziiti samaki. Lakini mwezi ukiwa nusu wanaingia ziwani kama kawaida. Ikiwa mwezi mzima unaharibu kazi yote, mbona nusu yake haiharibu nusu ya kazi?

Kwa sababu nusu ya mwezi haitoi nusu ya mwanga. Hutoa kama moja ya kumi tu.

Hata mpira laini uliopakwa chokaa, ukimulikwa upande mmoja ukauona nusu, ungekupa karibu theluthi ya mwanga wake wote. Mwezi hautoi hata hiyo theluthi. Na kutoka nusu hadi mwezi mpevu ni juma moja tu. Ndani ya juma hilo mbalamwezi huongezeka mara kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja siku mbili tatu za mwisho.

Kwanza ijulikane kwamba mwezi ni mweusi. Uso wake hurudisha kama asilimia 12 ya mwanga wa jua, karibu sawa na lami iliyochakaa. Tunauita mweupe kwa sababu nyuma yake hakuna kitu ila giza. Pili, uso huo umevurugika. Kwa mabilioni ya miaka vimondo vikubwa kwa vidogo vimekuwa vikiutwanga bila hewa ya kuvipunguza kasi. Wengine huandika “udongo wa mwezi”. Mimi sikubali, maana udongo una mizizi, una wadudu, una maji. Kile ni kifusi, na ndivyo nitakavyokiita: mwamba uliopondwa ukapondwa tena hadi kuwa vumbi lenye punje za makali makali, zilizokaa ovyo, na vijishimo kila mahali katikati yake. Alama za viatu walizoacha wanaanga wa Apollo 11 mwezi Julai 1969 zilitoka safi hivyo, kingo zikiwa zimesimama, kwa sababu punje hizo hung'ang'aniana.

Sasa chukua shamba la michikichi, kitu ambacho Ilagala haina uhaba nacho, lililo kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Simama juu yake asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Kila mchikichi umelaza kivuli chake mbele, upande wa ziwa, nawe huvioni vivuli hivyo kwa sababu kila mti umesimama kati yako na kivuli chake. Unachoona ni makuti yanayong'aa, shamba zima. Sogea kando kidogo, ukate shamba kwa mshazari: utepe mwembamba wa giza unachungulia ubavuni mwa kila mti. Sogea zaidi, utepe unapanuka. Ukifika mahali jua liko begani kwako, nusu ya unachokitazama ni kivuli. Hakuna mti ulioongezwa wala kung'olewa, na jua halijapungua. Kilichobadilika ni pembe kati ya jua, jicho lako na mti. Na angalia hili, maana ndilo kiini: vivuli havipotei polepole. Hujificha kabisa pale tu jua, kichwa chako na mti vinapokaa kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mng'ao huja kwa kishindo mwishoni.

Mwezini “miti” hiyo ni kuta za kasoko, ni mawe, na zaidi ya yote ni punje za kifusi zisizoonekana kwa macho. Mwezi ukiwa nusu, jua linaupiga kutoka ubavuni, na kila punje inamtia kivuli jirani yake. Ukiwa mpevu, jua liko nyuma yetu na vivuli vyote vimejificha. Jambo hili naliita mficho wa vivuli. Mawimbi ya mwanga nayo huongeza mng'ao kwa namna yao, lakini mficho huu unatosha kwa leo.

Wanaanga wa Apollo waliuona kwa karibu: katika picha zao, vumbi linalozunguka kivuli cha kichwa cha mpiga picha linang'aa kuliko vumbi lingine. Mwaka 1994 chombo cha Clementine, kikiuzunguka mwezi, kilipima kwamba mng'ao hupanda kwa zaidi ya asilimia 40 katika nyuzi nne za mwisho kabla ya mstari kunyooka kabisa. Sisi huku hatuwezi kuuona mnyooko huo, kwa sababu mstari ukinyooka kabisa ni dunia inayokaa kati ya jua na mwezi. Mwezi hupatwa. Ile saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku wa Septemba 7, mwezi ulipokuwa mwekundu, ndiyo saa ambayo ungeng'aa kuliko zote kama tusingeukinga.

Kwa mvuvi hesabu ni nyepesi. Karabai au taa ya sola huwakusanya dagaa pale tu inapokuwa kali kuliko mwanga unaotoka juu. Chini ya mwezi mpevu maji yote yamemulikwa, na duara la taa linamezwa. Chini ya nusu ya mwezi taa bado inatawala. Upepo na mawingu vina lao, lakini kalenda ya mapumziko ya wavuvi imekaa palepale mwanga unaporuka.

Agosti 28, 2026 mwezi utapatwa tena, asilimia 93 ya kipenyo chake kwenye kilele. Giza litaanza kuula muda mfupi baada ya saa 11:30 alfajiri. Kwa kuwa Kigoma hukucha zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, watu wa mwambao wa ziwa watautazama muda mrefu zaidi, hadi uzame nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 1 asubuhi. Tafuta ufuko usiozibwa na miti upande wa magharibi. Darubini ya mkononi inatosha.