KATI KATI: Kwa Nini Thoma Haondoki?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno hayo yanamhusu mtu aliye hai. Lakini mtu akishakufa, naye bado anaficha, ataumbuliwa na nini? Hilo ndilo swali linalobebwa na filamu ya Kenya iitwayo Kati Kati, na tangu niitazame sijaacha kulizungusha kichwani.

Kwa wale ambao hawajaiona, yafaa nieleze kidogo. Filamu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 katika tamasha la sinema la Toronto, Kanada, na huko ikapata tuzo ya shirikisho la kimataifa la wahakiki wa sinema. Baadaye Kenya iliiteua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar ya mwaka 2018. Mwongozaji wake ni Mbithi Masya, ambaye wengi walimjua kwanza kwa muziki wa kikundi cha Just A Band, na aliiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Ni picha fupi, yapata saa moja na robo, na fedha zake zilikuwa kidogo. Wachezaji ni wachache na sehemu kubwa ya mambo hutokea mahali pamoja. Msomaji asitarajie damu kumwagika wala zimwi lenye pembe. Hofu iliyomo humu ni ile ya mtu kuogopa kumbukumbu zake mwenyewe.

HADITHI YENYEWE

Msichana aitwaye Kaleche, anayechezwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka peke yake nyikani, amevaa vazi la hospitali. Hakumbuki alikotoka wala jinsi alivyofika. Anatembea mpaka kwenye hoteli ya kitalii iitwayo Kati Kati, na hapo anakuta kundi la watu wakistarehe. Kiongozi wao, kijana aitwaye Thoma, anayechezwa na Elsaphan Njora, anamkaribisha na kumpa habari ambayo hakuna mja angependa kuipokea: kwamba amekwisha kufa, na wote waliopo hapo ni wafu kama yeye.

Wakazi wa Kati Kati wana raha zao, lakini hawawezi kutoka. Kila mmoja amekuja na mzigo wake kutoka duniani. Anayekubali kuutazama mzigo huo, akauita kwa jina lake, huondoka akapumzika. Asiyekubali hubaki. Na Thoma, anayeyajua yote haya kuliko mwingine yeyote, amebaki. Kaleche anapomkaribia kwa mapenzi, ndipo anapoanza kugundua kwamba nyuma ya ukarimu ule pana jambo zito. Jambo lenyewe silitaji hapa, nisije nikamwaribia msomaji utamu.

RAI TATU ZA MUTOMO

Picha hii niliitazamia Mutomo, mji mdogo wa kusini mwa Kitui, kwenye barabara itokayo Kibwezi kwenda Kitui. Kwetu pwani watu husema huko ni bara, kana kwamba ni ng'ambo ya dunia. Wanasahau kwamba katika karne ya 19 Wakamba wa nchi ile walikuwa wakiteremka Mombasa na misafara ya pembe za ndovu, na jamaa hawa wawili wanajuana tangu enzi hizo. Mwenye hoteli ya chai alitundika shuka jeupe ukutani, akakodi mashine ya kuonyeshea, tukaketi kwenye mabenchi. Ilipokwisha hapakutoka mtu. Pakazuka mabishano, na yote yalikuwa juu ya Thoma: huyu bwana ana nini?

Mzee mmoja wa Kikamba alisema jambo ni wazi. Thoma ni mmoja wa aimu, roho za waliotangulia, na roho haitaki kusahauliwa. "Mwanangu," aliniambia, "akiondoka hapo, nani atamwita jina?" Maneno ya mzee yalinikumbusha maandishi ya Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, huko huko Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika, Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akaeleza kwamba marehemu hukaa katika Sasa muda wote angalipo mtu hai aliyemjua na kumkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Kwa rai ya mzee, basi, Thoma anaogopa kuzama.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikataa. Alisema hayo ni maradhi ya moyo, nao huwaona watu kama Thoma kila mara: mtu aliyepatwa na jambo kubwa hujitia katika shughuli za wenzake, awe wa kwanza kupika msibani na wa kwanza kuchekesha arusini, ili asipate nafasi ya kukaa peke yake.

Mwenye duka, Mwislamu mwenzetu, aliipinga filamu nzima. "Bwana Mwalimu, haya ni barzakh, na huko hakuna toba. Mlango ukishafungwa umefungwa."

RAI YANGU

Kwa upande wa dini, mwenye duka kasema kweli, na sidhani kuna haja ya kubishana naye. Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100, inatosha kutuonyesha kwamba anayeomba kurudi ili atengeneze alichoacha harudishwi. Kwa hiyo mimi siichukui Kati Kati kuwa ni habari ya akhera. Naichukua kuwa ni mfano wa sisi tulio hai, tunaoishi siku zote katikati ya kosa na kukiri.

Ukimtazama Thoma kwa jicho hilo, mwenendo wake unafahamika. Mwangalie anavyompokea mgeni, anavyopanga michezo, anavyojua nini aambiwe nani na kwa wakati gani. Uongozi ule ndio maficho yake. Maadamu yeye ndiye anayeuliza, hakuna atakayemuuliza. Sisemi kwamba wema wake ni wa uongo. Anampenda Kaleche kweli, nami nilimwonea huruma. Lakini ni wema wa mtu aliyewafungulia wageni vyumba vyote akabakisha kimoja, na ufunguo wake kautia mfukoni.

Yuko mwenzake katika sinema ya zamani ya Marekani, Carnival of Souls ya mwaka 1962, iliyotengenezwa na Herk Harvey kwa dola kama 33,000 tu. Humo msichana mpiga kinanda, Mary Henry, anatoka mtoni baada ya gari lao kutumbukia, kisha anahama mji bila ya kuwalilia wenziwe, na kila aendako sura moja nyeupe inamfuata. Mary anakimbia kwa kujitenga na watu, na Thoma anakimbia kwa kujichanganya nao. Wote wawili wanakimbia kitu kimoja.

Na hapa ndipo ninapoachana kidogo na muuguzi. Thoma hakukosa majuto. Majuto anayo, yanamwonekana usoni hata anapocheka. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba toba ina masharti: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limemgusa binadamu mwenzako, liko sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Thoma kakwama kwenye la nne. Kujuta ni kazi ya moyo na mtu aweza kuifanya gizani, lakini kumwendea uliyemdhulumu ni kazi ya miguu na ulimi.

Katika mabishano yale dereva mmoja wa lori, mcheshi anayejulikana soko zima, alikuwa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe alisema, "Ustadhi, mwacheni Thoma." Kisha akatueleza kwamba miaka mingi iliyopita aligonga mtoto barabarani akafa. "Korti ilikwisha. Bima ililipa. Lakini mlango wa wale wazazi sijaugonga." Hakuna aliyemjibu. Mzee alimshika mkono tu.

Msomaji mpendwa, ukiipata filamu hii itazame, na umwangalie Thoma hasa pale wengine wanapocheka. Halafu ujiulize kama wewe nawe huna mlango ambao hujaugonga. Sisi tulio hai tuna bahati ambayo Thoma hana: mwenye haki yu karibu, njia tunaijua, na jua halijachwa.